Kusimama kwa Netani

Naividamu, Kadavu
4 Machi 1998

Mtani wangu Kelera, mwenye mwendo wa bata,

Kama barua hii imekukuta unakula, meza kwanza, kisha nisikilize. Huku sote wazima. Mama yangu, shangazi yako, anakusalimu sana. Macho yake sasa yamekwisha kabisa, lakini masikio, usiombe! Anamjua mtu kwa mlio wa ndala akiwa bado kule kisimani. Upepo wa Januari uliezua nyumba ya mchungaji, tumeirudishia mabati. Magimbi yamekubali mwaka huu. Goti langu linauma kila mvua ikikaribia, kwa hiyo kijiji kizima kinanipitia asubuhi kuuliza kama waanike mbata au wasianike. Mwanangu Lemeki ametimiza miaka kumi na tisa na anakula kama timu nzima.

Sasa la maana. Kanda ya video ya mechi ya raga uliyotuma imefika. Tumeitazama ukumbini kwa jenereta ya kanisa. Wenzangu waliitazama mara moja wakaenda zao kunywa kava. Mimi nimeitazama mara kumi na nne, mpaka shemasi akanificha mafuta.

Kelera, kaka yako Netani amevumbua kitu! Unajua miaka yote hii namsoma. Ninalo daftari, hili ni la tatu. Chenga yake naijua kuliko ninavyomjua mke wangu. Anashika mpira kwa mikono miwili ili adui asijue kama atatoa pasi. Anafupisha hatua mbili tatu. Anatazama nyonga za adui, hatazami macho, kwa kuwa macho yanadanganya. Halafu anasukuma ardhi kwa mguu wa nje, na huyo, ameshapita. Hayo wanayajua hata watoto wa Sydney.

Lakini sasa, kabla ya yote hayo, anasimama. Sisemi anapunguza mwendo. Anasimama tuli, mpira mkononi, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa nyuma. Unahesabu moja, mbili. Adui anapitiliza kama mlevi aliyekosa mlango. Ndipo Netani anazinduka na kwenda. Mara nne katika mechi moja! Nani mwingine duniani ana moyo wa kusimama katikati ya watu wanaotaka kumvunja mbavu?

Nimeanza kumfundisha Lemeki. Mwezi wa kumi na moja watu wa timu kutoka Suva, mji mkuu, wanakuja kutazama vijana wa kisiwa, na mwanangu atakuwa nacho ambacho wengine hawana.

Usimwambie Netani kwamba namsifu. Mwambie nimesema anakimbia kama mjamzito anayefukuza kuku. Na tuma kanda nyingine.

Mimi niliyekuwa winga bora kuliko yeye mpaka goti likaniangusha,
Emori

Sydney
9 Aprili 1998

Kiwete wangu mpendwa Emori,

Barua yako niliisoma kazini, kwenye joto la mashine za kufulia mashuka ya hospitali, na wenzangu waliniuliza nacheka nini. Nikawaambia nina binamu kisiwani anayemsoma mwanamume mwenzake kama Biblia.

Mwambie shangazi namkumbuka na mikono yake. Watoto wa Netani wanaendelea vizuri, mkubwa ameng'oka meno ya mbele. Wifi yangu Torika amenenepa kidogo halafu amekonda tena. Baridi imeanza. Kanisani wametupangia zamu ya kupika, na ile samaki ya tui la nazi niliyoipika mimi iliisha kabla ya sala ya mwisho, andika hilo kwenye daftari lako.

Na mimi na kaka tunaishi kama kawaida ya kwetu. Nyumba moja, na hatujasemezana tangu nilipoota matiti. Chakula kikiiva namwambia Torika, Torika anamwambia yeye, naye amekaa palepale ananisikia. Majirani Waaustralia wanadhani tumegombana.

Netani hajambo. Juzi aliwavisha watoto sare, akawapeleka shule, akawaacha getini. Ilikuwa Jumapili. Tulicheka sana. Torika alicheka mpaka akatoka nje, akakaa huko kwa muda.

Kanda sina, mashine yetu ya kurekodi imeharibika.

Hilo la kusimama usimfundishe Lemeki. Mfundishe ile chenga ya zamani, inatosha. Tena wewe ni mtani wake. Mimi siwezi kumwambia kitu, mkewe hasikilizwi, na kocha anamwambia anayotaka kuyasikia. Wewe ndiye unayeweza kumtukana usoni na akacheka. Kwa nini humwandikii ukamwambia amezeeka, miaka thelathini na minne si mchezo, akae nyumbani alee watoto? Mwandikie. Mchokoze kama zamani. Nakuomba.

Kelera

Naividamu
17 Mei 1998

Kelera, mpishi wa samaki aliyekufa mara mbili,

Tumepokea salamu. Mama nilipomsomea habari ya mikono yake aliifuta kwenye nguo kama vile unamwona.

Mashine yako imeharibika, lakini Mungu si Kelera. Binamu yetu wa Suva amenipatia kanda mbili. Sasa nimekaa na saa ya mkononi na daftari. Kusimama mara kumi na moja katika mechi tatu. Kwa muda wa pumzi moja mpaka tatu. Mara mbili amesimama bila adui karibu, nadhani anajizoeza. Tena nimeona jingine: kabla ya kutoa pasi siku hizi anatazama jezi ya mwenzake, juu mpaka chini, ndipo anatoa. Anawapoteza adui. Ujanja ulioje!

Vijana wote hapa wameshika. Jioni uwanjani utacheka. Kumi na tano wanakimbia, unapuliza filimbi, kumi na tano wanasimama kama nguzo za ua. Mama peke yake hapendi. Anakaa mlangoni anasikiliza. Jana alinishika mkono, akasema, "Emori, nasikia miguu inakuja, halafu sisikii kitu. Miguu ya watu haifanyi hivyo." Nikamwambia ni mbinu mpya, mama. Akasema, "Waambie waache. Mimi nimezika watu wengi, najua kimya cha namna hiyo." Uzee.

Sasa nisikilize vizuri. Redio imesema Netani anataka kuacha raga msimu huu ukiisha, tena hatakuja kuichezea nchi Oktoba, mechi ya Suva. Kadavu nzima imeingia msibani. Na wewe, mtani, unaniambia nimwambie akae nyumbani! Utani wako umezidi chumvi.

Nimewaendea wazee wa ukoo. Nimesema mbele yao mpaka machozi yakanitoka, sikuona haya. Wamekubali. Mama ametoa jino la nyangumi alilopewa siku ya ndoa yake, lile kubwa jekundu. Mzee Aporosa, msemaji wa ukoo, anakuja huko mwezi ujao kwa mkutano wa kanisa, na atamkabidhi Netani jino hilo kwa jina letu, tunamwomba Oktoba avae jezi. Jino likishapokelewa, basi, unajua mwenyewe. Hakuna aliyewahi kulipokea kisha akakataa ombi.

Furahi pamoja nasi, roho mbaya wee.

Emori

Sydney
28 Juni 1998

Emori,

Salamu zako zimefika. Watoto wazima. Torika yupo.

Mzee Aporosa alikuja Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Alikaa kwenye mkeka, akalishika jino kwa mikono miwili, akasema maneno yote kama inavyotakiwa, hakukosea hata moja. Ana sauti nzuri. Alikutaja wewe, akataja goti lako, akataja shangazi.

Mimi nilikuwa jikoni na birika la chai. Wanawake tulikuwa jikoni. Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona kaka anamtazama mzee, kisha anatazama jino, kisha mzee tena. Alikaa hivyo mpaka Aporosa akakohoa. Halafu akalipokea na watu wakapiga makofi.

Basi atakuja Oktoba.

Hukumwandikia nilivyokuomba.

Kelera

Naividamu
3 Agosti 1998

Kelera wangu uliyeishiwa wino,

Barua gani ile? Nimeisoma kwa wazee nikaona aibu, nikaongeza salamu zangu mwenyewe ili ionekane ndefu. Je, umechoka na kazi? Umepata mchumba Mzungu anayekuchagulia maneno? Sema.

Hata hivyo ahsante. Siku habari ilipofika kwamba jino limepokelewa, tulichinja nguruwe. Wanakijiji thelathini na wawili tunakwenda Suva kutazama, kanisa limekodi boti.

Habari mbaya kidogo. Lemeki amevunjika mtulinga. Tulicheza na kijiji cha pili, akasimama kama nilivyomfundisha, jamaa mmoja mnene hakupitiliza. Alimjia akiwa amesimama vilevile, mikono chini, kama mtu anayengoja kupimiwa nguo. Nimemwambia kosa ni lake, amehesabu mpaka tatu wakati adui yuko karibu. Netani angehesabu moja. Muuguzi amemfunga kitambaa na amesema wiki sita.

Mke wangu hajanisemesha siku nne. Amesema niulize kwanza huyo Netani anawaza nini anaposimama, ndipo niwafundishe watoto wa watu. Nikaona ni swali zuri. Wewe unaishi naye. Muulize Torika amuulize: anaposimama, anaona nini?

Nijibu, mtani. Nataka kuliandika.

Emori

Sydney
12 Septemba 1998

Emori,

Shangazi asisomewe barua hii. Ikifika, nenda nayo mbali, usome peke yako.

Umeuliza anaona nini. Haoni kitu. Torika amemuuliza na hayo ndiyo majibu yake. Alimwambia, "Inakuja kama taa inayozimwa. Ikiwaka, mpira uko mkononi na sijui tunaelekea upande gani, basi natazama nani ana jezi kama yangu." Hiyo ndiyo mbinu yako mpya. Ndiyo uliyoiandika kwenye daftari na kuipima kwa saa.

Ilianza Agosti mwaka jana. Alipigwa goti la kichwa, akalala chini. Wakammulika macho kwa tochi, wakamuuliza leo siku gani, akasema Jumamosi. Wakamrudisha uwanjani. Mechi zote ni Jumamosi, Emori. Hata mtoto angejibu hivyo. Wiki tatu baadaye akapigwa tena.

Sasa anatia chumvi kwenye chai. Anaweka viatu kwenye jokofu. Anamwita mwanawe kwa jina la baba yetu, na baba tulimzika miaka kumi iliyopita. Wakati mwingine anasimama katikati ya sebule na kikombe mkononi, na sisi wote tunanyamaza, watoto nao wamejifunza kunyamaza, mpaka arudi. Daktari mmoja ambaye si wa timu alimwambia aache, akipigwa tena hatajua nani ni nani. Aliposema kwenye redio kwamba anaacha, Torika alipika kama siku ya harusi.

Halafu likaja jino lenu.

Aliniapisha kupitia kwa mkewe nisimwambie mtu wa nyumbani. Anaona aibu. Anasema Kadavu inamjua kwa miguu yake, basi iendelee kumjua hivyo. Nami nikanyamaza. Nilikuona unaandika upuuzi wako kwa furaha na nikanyamaza. Siku ile jikoni ningeweza kutoka na birika nikaliangusha mkekani, nikapiga kelele, wangesema nina wazimu lakini shughuli ingeharibika. Sikutoka. Niliogopa kusema maneno juu ya kaka yangu mbele yake na mbele ya mzee. Nilifuata adabu, na adabu yenyewe itamuua kaka yangu.

Simu ya redio pale posta kwenu inasikika na kila aliye kwenye foleni, ndiyo maana naandika. Hiyo nayo ni sababu ya mwoga.

Emori, yeye hawezi kulirudisha jino. Mwenye kuomba ndiye anayeweza kuja na kusema ombi langu nimelifuta. Ni wewe. Nenda Suva mapema kabla ya mechi. Chukua jino jingine popote, azima, iba. Keti mbele yake, mwambie tumekufungua, usicheze. Na kama hata hivyo atakataa, mtukane. Mwambie yote ambayo mtani anaruhusiwa kusema. Atakusikiliza wewe.

Tafadhali. Mechi ni tarehe kumi Oktoba.

Dada yako, si mtani leo,
Kelera

Naividamu
30 Oktoba 1998

Kelera,

Barua yako ya tarehe kumi na mbili Septemba niliipata tuliporudi kutoka Suva.

Nakueleza ilivyokuwa kwa sababu unastahili kujua, na kwa sababu siwezi kumweleza mtu hapa. Boti ya barua iliharibika injini, gunia la Kadavu likakaa posta ya Suva wiki nne. Sisi tulikwenda na boti ya kanisa tarehe sita. Kwa hiyo siku nne nilikuwa Suva na barua yako ilikuwa Suva. Nilipita mbele ya posta ile kununua kofia. Tuliporudi walitupakilia na gunia la barua, na kwa kuwa viti havikutosha nililikalia mpaka nyumbani.

Nilimwona Netani siku moja kabla ya mechi. Timu ilikuwa imeruhusiwa kutoka nje ya hoteli kusalimiana na watu. Nilimfuata, nikamwambia, "Wewe mzee, bado hawajakufukuza?" Akanitazama. Akanipa mkono, akasema, "Ahsante kwa kuja, bwana. Umetoka mbali?"

Kelera, nilicheka. Nilicheka mpaka nikainama. Si tulikuwa tukifanya hivyo tangu utotoni, kujifanya hatujuani, nani ataanza kucheka kwanza? Nikamjibu, "Natoka Kadavu, bwana, na wewe ni mwenyeji wa wapi?" Akasema, "Na mimi pia wa Kadavu, nadhani." Watu wetu waliangua kicheko. Nilimwambia Lemeki, unaona, hajabadilika hata kidogo. Yeye alicheka nasi, lakini alichelewa, alicheka baada ya kututazama. Nililiona hilo. Mimi ninayeona kila kitu nililiona na nikaliweka upande wa utani.

Uwanjani tulikaa pamoja, watu thelathini na wawili wenye maua shingoni. Aliposimama mara ya kwanza tulipiga makofi. Mara ya pili vijana wetu walikuwa wameshawafundisha jirani zetu, upande wetu wote wa jukwaa ukaimba, "Simama! Simama!" Mara ya tatu ilikuwa katikati ya uwanja na hakukuwa na mtu karibu naye. Alisimama amegeukia kwetu. Wakaimba. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza. Nilihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nikafika sita, nikafika saba, na bado nilikuwa natabasamu. Lemeki alinishika bega akasema, "Baba, haoni." Mmoja wa upande wa pili alikuja kutoka kushoto, na alikuja kwa haki, mpira ulikuwa mkononi mwa Netani.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, ni wewe uliyempokea huko.

Nimewakusanya vijana nimewaambia waache. Wameacha, isipokuwa Lemeki. Hafanyi kusudi. Akikimbia, mwili wenyewe unasimama mahali pale pale, halafu anatetemeka na kulia kwa hasira. Watu wa Suva wamesema hawatahangaika kuja kumwona. Nimemharibia mwanangu miguu kwa ugonjwa wa mtu mwingine.

Mama alijua bila kuambiwa. Alisema tu, "Sasa wananyamaza kweli."

Wazee wanataka kumtuma tena Aporosa, kuja kuomba radhi kwako na kwa Torika. Nimesema nitakuja mimi. Mkikataa kunipokea nitakaa nje ya nyumba mpaka mkubali au mniitie polisi. Niandikie kama ananijua. Niandikie hata kama ni kunitukana.

Emori

Sydney
17 Januari 1999

Emori, kiwete, mla nguruwe wa bure,

Umeniandikia bila kunitukana hata mara moja. Usirudie. Nikifungua barua yako nikakuta jina langu limekaa peke yake hivyo, nadhani shangazi amekufa.

Watoto wazima. Mdogo ameanza kusoma. Torika anafanya kazi asubuhi, mimi nimehamia zamu ya jioni, kwa hiyo mchana Netani yuko nami. Anatembea, anakula, ananenepa. Daktari amesema hatapona na hatakufa upesi. Msijisumbue kusafiri, sisi tunakuja. Tutapanda boti ya tarehe kumi na nne Februari, tunakuja kukaa. Torika ameipokea radhi yako kabla hujaileta. Mimi bado, nikikuona nitajua. Na wewe sijui kama umenisamehe, maana kwenye barua yako yote hukusema neno moja kuhusu jikoni.

Waambie watu wasije ufukweni na maua, wala wasiimbe. Lemeki aje. Torika anasema Lemeki akae na Netani tu.

Umeuliza kama anakujua. Hakujui. Na mimi hanijui, na ndiyo maana ananisemesha. Siku ya kwanza nilikimbilia jikoni. Miaka zaidi ya ishirini, Emori, na kumbe ana sauti ya upole hivyo akiongea na mwanamke asiye ndugu yake! Anadhani mimi ni muuguzi. Ananiomba chai, ananisimulia habari za kijiji kimoja ambacho hawezi kukumbuka jina lake. Nilifikiri ningefurahi. Nilivyokuwa mtoto nililia nilipoambiwa nisimsemeshe tena, na sasa kila akinisemesha natamani arudi kunikwepa mlangoni.

Wiki iliyopita mwanawe alikuta moja ya zile kanda akaiweka. Nilitaka kuizima, lakini Netani alishakaa kwenye mkeka, ameegemea mbele. Alikuwa anaitazama kama wewe unavyotazama, najua kwa sababu nilikuwa nakuona ulivyokuwa kijana. Akanionyesha kwa kidole, "Mtazame huyu winga. Tazama, ameshika mpira kwa mikono miwili. Hatazami macho, anatazama nyonga." Nikakaa karibu yake, mkeka mmoja, Mungu anisamehe. Nikamuuliza ni mchezaji mzuri? Akasema, "Mzuri sana huyu. Nani huyu?" Nikamwambia anaitwa Netani. Akasema hajapata kumsikia.

Halafu yule wa kwenye kanda akasimama.

Netani akasogea karibu na runinga. Hakuhitaji saa wala daftari. Akasema, "Huyu mtu anaumwa." Yule akakimbia tena, akapiga chenga, watu wakashangilia, na kaka yangu anapiga goti lake kwa ngumi, anasema, "Mtoeni! Mtoeni huyo, hamwoni kwamba haoni?" Akanigeukia, machozi yanamtoka kwa ajili ya mtu asiyemjua, akaniuliza, "Kwani huyu hana ndugu?"

Nikamwambia anao.

Akarudisha macho kwenye runinga, akaendelea kungoja wamtoe.

Kelera